Tundu la Mchwa

Nilinunua debe la uwele Soko la Majengo,
si kwa ugali.
Nilitaka kujua uzito.
Muuzaji akasawazisha juu kwa kipande cha ubao,
akaniuliza kama aite bodaboda.
Nikajitwika mwenyewe hadi Barabara ya Nane,
shingo ikiwaka:
kumbe huu ndio uzito wa Nyemo.

Bibi Mbeleje hakumtaja mdogo wake
ila usiku wa kupeta, mikono ikiwa na kazi.
Mwaka wa Mtunya, alisema, tulichemsha ngozi za kulalia.
Baba akamshika mkono mtoto wa mwisho,
akaelekea milimani kwenye chakula.
Akarudi na debe.
Hapo bibi hunyamaza. Ungo nao hunyamaza.
Kisha: tulilila siku ishirini na moja.

Ukoo mzima ukajifunza kutouliza.
Wajomba tu, pombe ikiwakolea, walitupiana:
ninyi mliokula ndugu!

Mimi nimestaafu ukarani wa masjala,
sijui kufuata kitu kingine ila karatasi.
Nikaenda Mpwapwa, ofisi ya kanisa,
penye kabati la mguu mmoja wa tofali.
Katibu, kijana aliyevaa koti la mtu mnene,
akapuliza vumbi. "Hiki kimeliwa kidogo."
Kidogo!
Wino wa kahawia, herufi zimelala upande mmoja
kama nyasi za kiangazi:
Damari, zamani Nyemo.
Umri, kama miaka kumi na miwili.
Atokako, Handali.
Jina la baba,
tundu la mchwa.
Duara safi, na chini yake ukurasa mwingine
ambamo mtoto wa watu alikuwa anabatizwa.
Nikaingiza kidole cha mwisho. Kikaenea.

Pembeni, kwa penseli: ameolewa Kibakwe.

Kibakwe nilielekezwa kwa fundi wa nguo, Yunisi.
Alinitazama bila kuondoa mguu kwenye cherehani.
Ana mwanya wa juu, mpana, ule wetu.
"Mmechelewa," akasema. "Bibi alikufa mwaka wa Azimio."

Nikaanza kuomba radhi ya debe,
maneno niliyoyapanga tangu Gulwe,
kwa niaba ya wote waliokula.
Akakata uzi kwa meno.

"Radhi ya nini? Baba yake alirudi.
Mavuno ya kwanza tu, na mbuzi wawili, dume na jike,
aje kumkomboa.
Bibi akajificha ndani ya kihenge siku mbili.
Alisema, huku kuna maharage.
Mzee akafunga mbuzi mlangoni, akaenda zake.
Hawa unaowaona wakila kitambaa changu
ni uzao wa wale."

Nikaketi juu ya gunia la vitambaa.
Alirudi.
Kisha akashuka hadi Handali mikono mitupu,
akala, akazeeka, akazikwa,
akatuacha tuamini kwamba aliuza tu.
Labda mtu anaweza kuubeba uuzaji
asiweze kubeba kukataliwa na mtoto wa miaka saba.
Labda. Hilo masjala haina faili lake.

Kigogo husema mbeyu kwa mbegu,
na mbeyu kwa ukoo.
Mbuzi mmoja alinilamba kiatu, nami nikamwacha.

Yunisi hakuniuliza kama nataka gauni.
Alinizungushia futi kifuani, kiunoni, begani,
akaandika kwenye daftari la shule lenye mafuta ya cherehani.
Jina? Nikamtajia.
Kisha akashika kalamu hewani kwa muda.
"Na yule mzee, aliitwa nani?
Sisi bibi alimwita Mwenye Mbuzi, basi."

"Chidosa," nikasema.

Akainama, katikati ya kiuno na urefu wa mkono.
"Kwa ch," akauliza, "au kwa k?"